Bahari Ikichafuka, Usiinyamazie Hofu Yako

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana aliyehitimu mafunzo ya ubaharia Dar es Salaam, ambaye anasubiri kupanda meli yake ya kwanza ya mizigo. Aliniuliza afanye nini ili asiogope mawimbi makubwa. Namjibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo ya kuizunguka dunia kwa meli. Baharia asiyeogopa tufani mimi sitaki kushika naye zamu, na kazi tuliyo nayo ni kuifanya hofu hiyo iseme inachokiona.

Nimekulia Pangani na kusi nimeizoea tangu utotoni, lakini kusi ya kwetu haikuniandaa kwa pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Kati ya Durban na Rasi ya Agulhas, mkondo wa bahari hushuka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi, na upepo mkali wa kutoka huko unapoupinga, mawimbi hukaribiana, huongezeka kimo na kusimama wima. Ramani za bahari hutahadharisha kwamba eneo hilo, kwenye maji ya kina kirefu nje ya mita 200, linaweza kuinua mawimbi yasiyo ya kawaida yanayofikia mita 20, yakitanguliwa na bonde lenye kina kirefu. Bonde hilo ndilo linalowatisha mabaharia wazima, kwa sababu omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, huzama kwanza shimoni, na wimbi hufika kabla meli haijapata nafasi ya kuinuka.

Tulikuwa tumetoka Richards Bay na shehena ya makaa ya mawe, tukielekea Ulaya. Mchana upepo ulikuwa wa kaskazini-mashariki na kipimahewa kinashuka, dalili ambayo kila anayepita pwani ile anafundishwa kuihofia. Nilipokuwa nikikagua omo niliona kwamba kifuniko cha tundu moja la hewa hakikazi: skurubu yake ilikuwa imeliwa na kutu, ukiizungusha inazunguka bure mkononi. Nikamweleza ofisa mmoja. Alinijibu mbele ya wenzangu kwamba watu waliozoea ngalawa huona hatari kila mahali, na wengine wakacheka. Maneno yale sijayasahau, wala sitaki kujifanya nimeyasahau. Nikaenda kwa serangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, Mfilipino mtu mzima asiyependa maneno mengi, naye akaja, akaitia skurubu kidole, akapanda moja kwa moja kwa nahodha. Kabla ya magharibi tulikuwa tumelifunika tundu lile kwa turubai na kulifunga kwa kamba imara.

Usiku upepo uligeuka ghafla ukatoka kusini-magharibi. Nahodha akapunguza mwendo, akaielekeza omo kwenye mawimbi, na tukakaa hivyo hadi alfajiri. Nilikuwa kwenye usukani. Niliona taa ya mlingoti wa mbele ikizama ndani ya maji, mlingoti ambao bandarini unauinulia shingo, kisha sitaha nzima ikatetemeka mpaka vikombe vikatoka kwenye kulabu zake. Kijana aliyekuwa lindo pamoja nami alitapika ndoo nzima bila kuacha kuangalia mbele. Mpishi alizifunga sufuria zote na akatupikia uji tu. Serangi hakusema neno. Yule ofisa aliyetucheka mchana alikaa ameshika reli kwa mikono miwili na hakutoa amri hata moja. Kulipokucha tulikagua stoo ya omo tukaikuta kavu. Najivunia stoo ile mpaka leo, ingawa hakuna aliyenishukuru.

Msifikiri tundu la hewa ni jambo dogo. Tarehe 9 Septemba 1980 meli ya Uingereza Derbyshire, yenye urefu wa karibu mita 294, ilizama kusini mwa Japani katika kimbunga Orchid pamoja na watu wote 44. Mabaki yake yalipochunguzwa miaka mingi baadaye, ilionekana kwamba maji yalianza kuingilia kwenye matundu ya hewa ya omo, omo ikazidi kulala, kisha vifuniko vya falka, yaani vyumba vya shehena, vikashindwa kuhimili uzito wa mawimbi. Na mwaka 2015, usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba, maofisa wa zamu wa meli ya Marekani El Faro walimpigia nahodha wao simu wakapendekeza wabadili njia kukikwepa kimbunga Joaquin. Njia haikubadilishwa, na watu wote 33 waliokuwamo wakapotea. Walisema, lakini walisema kwa upole mno, kama wanaoomba radhi. Vijana, heshima kwa mkubwa ni wajibu, lakini mkubwa asiposikia mara ya kwanza mwambieni tena kwa sauti inayoeleweka. Nanyi manahodha mnaosoma hapa, anayewaletea hofu yake amewaletea kazi, msimfukuze.

Kwa miaka mingi mabaharia waliosimulia kukutana na wimbi moja lililozidi mengine yote walihesabiwa kuwa wazushi. Tarehe 1 Januari 1995, kipimo kwenye jukwaa la gesi la Draupner katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, kilirekodi wimbi la mita 25.6 wakati kimo cha kawaida cha mawimbi saa hiyo kilikuwa kama mita 12. Kwa hiyo, kijana wangu, utabiri ukikuambia mawimbi ya mita 7, fahamu kwamba hicho ni wastani wa theluthi ya yale makubwa zaidi, na moja kati yake linaweza kukaribia mita 14. Siku yako ya kwanza melini, nenda omo mchana bahari ikiwa shwari, ukazungushe kila skurubu kwa mkono wako mwenyewe, na ile isiyokaza uiandike kwenye daftari la zamu kabla hujamwambia mtu yeyote.