Lupu hakuna, scanl ipo
Ndugu, umeuliza utatatuaje fumbo la kwanza la Advent of Code 2015 (mafumbo ya programu ya kila Desemba) kwa Haskell, lugha ya programu, bila lupu (kurudiarudia amri) wala namba ya kuongezaongeza. Katika fumbo, Santa anaanzia ghorofa ya 0, na kila bano linamwambia apande au ashuke ghorofa moja. Geuza mabano yawe namba: "(" iwe 1, ")" iwe -1; orodha yake tuiite hatua. Sehemu ya kwanza, ghorofa ya mwisho, ni sum (jumla) tu. Utamu uko sehemu ya pili, bano la ngapi linamshusha Santa chini ya ardhi (ghorofa ya -1) mara ya kwanza:

length (takeWhile (>= 0) (scanl (+) 0 hatua))

scanl inakupa kila ghorofa aliyopita, takeWhile inachukua zile za kabla ya -1, na length inazihesabu. Kwa uvivu wa Haskell (haihesabu kisichohitajika) hesabu inaishia kwenye -1, mabano yaliyobaki hayahesabiwi. Angalia tu alama ya mstari mpya mwishoni mwa faili. Mimi niliihesabu kama ")", jibu la sehemu ya kwanza likapungua moja, nikakesha!