Maswali ya Wasomaji: Ghala Moja, Mchana Ofisi, Jioni Ukumbi

SWALI: Mpendwa Mshauri, sisi ni vijana wanne wa hapa Kisumu: mpiga picha, mshonaji wa mikoba, mchoraji wa matangazo kwa kompyuta na mtayarishaji wa muziki. Tumepata ghala tupu karibu na Barabara ya Obote, na mwenyewe anataka shilingi 60,000 kwa mwezi. Nia yetu ni kuweka viti 24 ili wenzetu wasio na ofisi wafanyie kazi hapo mchana kwa shilingi 300 kwa siku, kisha jioni pageuke ukumbi wa maonyesho, mashairi na sherehe ndogo kwa shilingi 8,000 kila mara. Mfano wetu ni Kituo cha Sanaa cha GoDown cha Nairobi. Mwenye ghala anashikilia kwamba mkataba uwe wa miaka mitano na miezi mitatu. Je, tutie sahihi? — Wanne wa Kisumu

JIBU: Ndugu zangu, msitie sahihi bado. Nia yenu nimeipenda, na ningependa ghala hilo lifunguliwe na lidumu, kwa hiyo naomba mniruhusu nianze na hesabu kabla hatujafika kwenye rangi za kuta.

Kwanza mwulizeni mwenye ghala kama zile shilingi 60,000 zimejumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Pango la jengo la biashara hutozwa kodi hiyo kwa asilimia 16 iwapo mwenye jengo amesajiliwa, na hapo mtakuwa mkilipa 69,600. Juu yake wekeni makadirio yangu, ambayo mtayarekebisha kwa bei mtakazopewa: intaneti 10,000, umeme 15,000, mhudumu ambaye pia atasafisha 18,000, mlinzi wa usiku 15,000, maji na vifaa vya choo 4,000, na akiba ya matengenezo 8,400. Jumla ni shilingi 140,000 kwa mwezi, kabla ninyi wanne hamjajilipa hata senti moja.

Sasa tazameni upande wa mapato. Viti 24 kwa siku 22 za kazi ni nafasi 528, lakini hakuna ofisi changa inayojaa kila siku, kwa hiyo tuchukue nusu, yaani 264. Kwa shilingi 300 mtapata 79,200. Pengo lililobaki ni 60,800, na ndilo ambalo ukumbi wa jioni unapaswa kuliziba. Kwa haraka mtu atasema kwamba mara nane kwa shilingi 8,000 zinatosha, ila kila shughuli ina gharama zake: usafi wa usiku huohuo, mlinzi wa pili mlangoni, viti vinavyovunjika. Mkitoa 1,500 kwa kila shughuli mnabakiwa na 6,500, nanyi mtahitaji kukodisha ukumbi mara kumi kila mwezi. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za mwezi mmoja ni kumi na mbili au kumi na tatu hivi. Maana yake ni kwamba takriban kila wikendi lazima iwe imechukuliwa, hata Januari, mwezi ambao wazazi wote wa Kisumu wanawazia karo za shule na si maonyesho ya mikoba.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuuogopa mkataba mrefu. Mnachowauzia watu ni siku moja moja na jioni moja moja, ilhali mwenye ghala anataka kuwauzia ninyi miezi 63 kwa mkupuo. Kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010 na kuenea katika nchi nyingi, ilijengwa juu ya pengo hilohilo: ilikodi majengo kwa miaka mingi na kuyakodisha meza kwa meza kwa muda mfupi. Wateja walipopungua, pango halikupungua, na mnamo Novemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani dhidi ya wadai wake. Kampuni hiyo ilikuwa na wawekezaji wa kuisukuma mbele kwa miaka mingi kabla ya kufika hapo. Ninyi mna akiba ya watu wanne.

Kuhusu ile miezi mitatu ya ziada, si bahati mbaya wala si mila ya mwenye ghala wenu. Kenya ina Sura ya 301 ya sheria, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa chakula, na katika sheria hiyo neno duka linajumuisha mahali panapotolewa huduma kwa malipo. Upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, huwa chini ya ulinzi huo: mwenye jengo hawezi kuwatoa wala kuwapandishia pango bila kuwapa notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, nanyi mna haki ya kuipinga notisi hiyo mbele ya baraza linaloamua kesi za pango la biashara. Mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu huvuka mpaka huo kwa makusudi. Sisemi kwamba anayeuomba ana nia mbaya, kwa kuwa mawakili wengi huuandika hivyo kwa mazoea, lakini ni lazima mjue mnachokiacha. Kipengele kinachoruhusu upande wowote kuuvunja mkataba kabla ya miaka mitano kwisha, bila ya kuwepo kosa, huurudisha upangaji chini ya sheria hiyo, na kwa sababu hiyo msishangae wakili wake akikikataa.

Ombeni mwaka mmoja au miwili kwa maandishi. Akikataa kabisa, tafuteni ghala jingine, hata kama hili lina madirisha mazuri.

Hata mkikubaliana kuhusu muda, kuna vipengele viwili ambavyo nimeona vikiwaponza watu. Mikataba mingi humkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine bila idhini, na kuuza kiti kwa siku kunaweza kutajwa kuwa ni kupangisha. Iandikwe wazi kwamba mwenye ghala ameruhusu watu kutumia nafasi kwa siku na kwa saa, na kwamba ruhusa hiyo haimfanyi yeyote kati yao kuwa mpangaji. Pili, ghala hujengwa kwa ajili ya kuhifadhi mizigo. Mkiingiza watu themanini kusikiliza mashairi mmebadilisha matumizi ya jengo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya kaunti kwa mabadiliko ya aina hiyo. Mwulizeni mwenye ghala ni nani atakayeiomba na ni nani atakayelipia, kisha jibu lake liingie kwenye mkataba. Leseni ya biashara na ukaguzi wa zimamoto havihitaji maelezo marefu kutoka kwangu. Nitasema tu kwamba mlango wa pili wa kutokea ni wa lazima hata kama mkaguzi hakuuliza.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, na hapa nawaomba mlitembelee ghala hilo mara tatu: saa saba mchana, saa kumi jioni siku ya mvua, na saa tatu usiku. Ninyi ni watu wa Kisumu, mnajua jinsi mawingu yanavyokusanyika juu ya ziwa alasiri na radi inavyoanza kabla watu hawajatoka kazini. Mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, mkufunzi hasikiki hata akipiga kelele, na mteja aliyelipia warsha ya alasiri atadai fedha zake. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ya namna hiyo katika mji mmoja wa magharibi, tukakaa saa nzima tukitazamana huku mwalimu akiandika ubaoni kila alichotaka kusema. Jua la mchana chini ya mabati hayohayo litawafukuza wenye meza kabla mvua haijafika. Fedha mlizopanga kununulia makochi ya mapokezi ziende kwenye dari na feni. Pangeni warsha asubuhi, na jioni wekeni shughuli ambazo sauti ya mvua haiziui, kama vile maonyesho ya picha au mauzo ya kazi za mikono.

Tenganisheni pia stoo ya wafanyakazi wa mchana na ukumbi wa jioni, kwa ukuta na kufuli. Mteja mshonaji akikuta cherehani yake imewekewa sahani za pilau siku ya Jumatatu asubuhi, hatarudi tena, na yeye ndiye aliyekuwa akiwalipa siku 22. Ratiba ya wiki nzima ibandikwe mlangoni, ikionyesha saa ambayo meza zinaanza kusogezwa. Pawepo saa moja kamili kati ya kazi na shughuli, wala saa hiyo isiuzwe kwa mtu yeyote.

Mmetaja katika barua yenu kwamba mfano wenu ni Kituo cha Sanaa cha GoDown cha Nairobi, kilichoanza mwaka 2003 katika ghala la zamani. Ni mfano mwema, nami ningependa muongeze mwingine wa karibu zaidi. Hapo Kisumu upo Ukumbi wa Kumbukumbu ya Ofafa, uliojengwa kwa michango ya wanachama wa Luo Union, chama cha Waluo, ili kumkumbuka Ambrose Ofafa, aliyekuwa diwani wa Nairobi. Watu walitoa kwanza, ndipo kuta zikasimama. Fanyeni vivyo hivyo kwa kipimo chenu: kabla ya kulipa dipoziti ya ghala, tafuteni watu kumi walio tayari kulipa miezi mitatu mapema kwa bei nafuu, na fedha zao mziweke katika akaunti ambayo haitaguswa mpaka milango ifunguliwe. Wakipatikana kumi, mnayo biashara. Wakipatikana watatu, mmeokoa akiba yenu na urafiki wenu.

SWALI: Mshauri, naendesha usiku wa mashairi na muziki kila Ijumaa katika ofisi ya pamoja hapa Nakuru, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Sauti yetu si kubwa kuliko ya baa za jirani. Hata hivyo mama mmoja wa nyumba ya nyuma amelalamika, na afisa wa kaunti amekuja kutuonya. Je, ana mamlaka hayo, na tufanye nini? — Mpenda Mashairi, Nakuru

JIBU: Anayo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero za umma. Aidha, zipo kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009, ambazo katika eneo la biashara zinaruhusu desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili. Kwa kulinganisha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu hufika desibeli 60 hivi. Kwa hiyo kuanzia saa mbili na dakika moja mko katika kipimo ambacho spika yoyote itakizidi kwa urahisi, na ukubwa wa kelele za baa jirani hauwezi kuwa utetezi wenu.

Dada au ndugu yangu, maana hukutaja, njia rahisi ni kuisogeza shughuli yako. Anza saa kumi na moja jioni na umalize muziki kabla ya saa mbili, kisha mashairi yasiyo na kipaza sauti yaendelee milango ikiwa imefungwa. Inueni spika zisikae sakafuni na mzigeuze mbali na ukuta wa nyuma, kwa sababu mdundo wa besi hupita ndani ya ukuta na sakafu, na mapazia hayauzuii. Kwa tukio kubwa la mara moja, kanuni hizo zinaruhusu kuomba leseni ya muda ya kuzidisha kiwango. Ombeni mapema. Ikiwa mnapiga nyimbo zilizorekodiwa na wasanii wengine, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka muwe na leseni ya kuzipiga hadharani, na katika hilo niko upande wa sheria kwa moyo wote: sisi tunaoishi kwa sanaa hatuwezi kuanza kwa kuwanyima wasanii wenzetu jasho lao.

Kuhusu mama wa nyumba ya nyuma, nenda ukamwone mwenyewe, mchana, bila afisa na bila karatasi. Mpe ratiba ya mwezi na nambari ya simu itakayopokewa usiku, kisha umwulize ni Ijumaa ipi anayohitaji utulivu zaidi. Huenda ana mtoto mchanga au mgonjwa ambaye ninyi hamkumjua. Hata akikataa kuzungumza nawe, saa mbili ibaki kuwa saa ya kuzima spika.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Kakamega, nimeanza kazi ndogo za kutafsiri kwa kompyuta. Ofisi ya pamoja iliyo karibu nami inataka shilingi 5,000 kwa mwezi. Je, nilipe? — Mtafsiri Mchanga

JIBU: Mwanangu, usilipe mwezi huu. Mjini Kakamega kuna maktaba ya umma, yenye meza, mwanga na utulivu ambao kazi ya kutafsiri inauhitaji kuliko kitu kingine. Fanya kazi huko kwa miezi miwili, ukiandika kila wiki umepata shilingi ngapi na ni mara ngapi umepoteza kazi kwa kukosa intaneti ya uhakika au mahali pa kuzungumza na mteja kwa simu. Hasara hiyo ikipita shilingi 5,000 kwa mwezi, nenda kwenye ofisi hiyo na uombe kulipia siku mbili kwa wiki badala ya mwezi mzima. Wenye ofisi za namna hiyo wana viti vitupu vingi kuliko wanavyokiri, na mara nyingi watakubali. Kabla ya kulipa, kaa hapo nusu siku na uulize jambo moja tu: umeme wa KPLC ukikatika, intaneti inaendelea kwa muda gani?