Maswali yenu: mgonjwa wa ndui alipelekwa wapi London ya Malkia Victoria?

Kwani hospitali kubwa za London zilimkataa?

Nyingi, ndiyo. Ziliendeshwa kwa michango ya matajiri, na mgonjwa mmoja wa ndui wodini angemwambukiza hata aliyekuja na mguu uliovunjika. London Fever Hospital, iliyoanzishwa 1802, ilikuwepo kwa ajili ya wenye homa, ila vitanda vilikuwa vichache. Maskini aliuguzwa kwao, mara nyingi chumba kimoja na wanawe, au alipelekwa nyumba za maskini (workhouse), makazi ya umma ya wasio na kitu, ambako wengi waliona heri kufa kuliko kuingia.

Serikali iliingia lini?

1867, sheria ilipounda Metropolitan Asylums Board, bodi ya hospitali za maskini wa London. Mabanda ya muda yalifunguliwa Hampstead mwaka 1870, kisha hospitali za kudumu za Homerton na Stockwell mwaka uliofuata, ndui ikiwa tayari imetapakaa mitaani.

Majirani walikubali?

Thubutu! Wakazi wa Hampstead, watu wenye uwezo, waliishtaki bodi, na kesi ikafika hadi Bunge la Malodi, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa. Mwaka 1881 Malodi waliamua kwamba sheria kuiruhusu bodi kujenga hospitali hakukuipa haki ya kuwa kero kwa waliopakana nayo. Wakati huohuo mkaguzi wa serikali, W. H. Power, alichunguza nyumba zilizozunguka hospitali ya ndui ya bodi huko Fulham akakuta kadiri zilivyokuwa karibu nayo, ndivyo ndui ilivyozidi. Yeye alishuku hewa. Wengine walisema ni watu waliokuwa wakiingia na kutoka, na mimi niko upande wao.

Basi ndui ikapelekwa majini. Meli mbili za zamani za kivita, Atlas na Endymion, zilitiwa nanga mtoni Thames, kisha zikahamishiwa Long Reach, maili 17 chini ya London Bridge. Ya tatu, Castalia, ndiyo inayonifurahisha: iliundwa na matumbo mawili ya chini yaliyokaa sambamba majini, ili abiria wa kwenda Ufaransa wasichafukwe na moyo, ikaishia kubebeshwa wodi juu ya sitaha. Wagonjwa walifikishwa huko kwa boti maalumu za bodi.

Matibabu yalikuwa bure?

Mwanzoni hospitali hizi zilikuwa za maskini tu, na kulazwa kulikufanya uhesabiwe miongoni mwa wanaolishwa na umma, fedheha ambayo fundi mwenye kazi yake hakuitaka. Sheria ya 1883 iliondoa doa hilo. Ya 1891 ikawafungulia milango wakazi wote wa London bila malipo. Msidhani ni huruma tupu: mtoto wa dobi akificha homa, nguo za tajiri ziko chumba hichohicho.

Daktari alilazimika kumripoti mgonjwa?

London, ndiyo, tangu sheria ya 1889. Alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila mgonjwa wake binafsi aliyemtolea taarifa.

Mzazi aliruhusiwa kumtembelea mwanawe?

Kwa kawaida ni pale tu mtoto alipokuwa mahututi. Mwenye homa ya vipele vyekundu, ambaye naye alilazwa katika hospitali za bodi, alikaa wiki sita au zaidi, na bado wapo waliorudi nyumbani wakawaambukiza ndugu zao. Wa dondakoo walianza kupokelewa 1888, na hadi 1894 walikufa karibu 30 katika kila 100. Kisha ikaja dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, na vifo vikaanza kushuka mwaka hadi mwaka.