Boa wa kwanza: wadogo zangu, ulizeni kabla ya kulipa

Juzi nimetumiwa tena picha ya nyoka aina ya boa, bado mtoto, amejiviringisha kiganjani, na swali chini yake: "Dada, huyu atanifaa?" Pesa ilikuwa imeshatoka. Wadogo zangu mnaofuga hapa Uingereza, nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha. Thamostati, kile kidhibiti joto cha kizimba, mnaijua, utitiri mnaujua, panya wa kugandishwa wamejaa kwenye friza mpaka wenzenu wa nyumba wanalalamika. Kinachowashinda ni kuchagua nyoka. Mnamtazama mtoto wa sentimita 50 mnasahau kwamba mtaishi na mtu mzima wake miaka 20 hadi 30. Boa mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia, Popeye, aliishi zaidi ya miaka 40.

1. Anza na Boa imperator, dume, aliyezaliwa kwa mfugaji. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati hadi Colombia, na ndiye anayeuzwa madukani kama boa wa kawaida. Dume huishia kwenye mita 1.5 hadi 2. Jike hufika 2 hadi 2.5, mzito kiasi kwamba hupaswi kumtoa kizimbani ukiwa peke yako. Madume hawana soko kubwa kwa sababu wazalishaji wanataka majike, kwa hiyo mara nyingi utampata kwa bei nafuu. Anayeishi chumba kidogo aulizie boa wa Cayos Cochinos, visiwa vya Honduras. Wao wamebaki wadogo, na wengi hawafiki hata mita mbili.

2. Msiamini lebo ya "mkia mwekundu". Wauzaji huibandika hata kwa imperator wa Colombia. Mkia mwekundu hasa ni Boa constrictor wa Suriname, Guyana, Peru na Brazil, yule mnayemwita BCC, kifupi cha Boa constrictor constrictor. Ni mkubwa zaidi, jike anaweza kufika mita tatu, na anapokuwa mchanga tumbo lake ni jepesi mno, hutapika kwa kosa dogo tu. Hapa lazima niwasimulie ya kijana mmoja wa Mombasa anayesoma huku. Ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Alikuwa amefuga nyoka wadogo miaka kadhaa bila tatizo, akaona sasa ameiva. Akanunua jike mchanga wa Suriname, mzuri ajabu, mkia kama damu ya mzee. Alipofika naye nyumbani jioni akamwona mwembamba, akamlisha usiku uleule. Nyoka akala kwa pupa, naye akafurahi. Kesho yake akamtoa kuwaonyesha wenzake sebuleni, akapita mikono minne. Siku ya tatu akakuta panya ametapikwa, ananuka, manyoya yameanza tu kulainika.

Hapo angenipigia, yangekwisha salama. Badala yake alifikiri: kama ametapika, basi ana njaa. Akamlisha tena baada ya siku mbili, safari hii panya mkubwa kidogo ili "arudishe nguvu". Akatapika. Akaongeza joto kwenye thamostati, akamlisha mara ya tatu. Akatapika tena, na sasa kilichotoka kilikuwa karibu maji matupu.

Nilipofika niliangalia kizimba kabla ya nyoka. Kipimo cha thamostati kilikuwa kimening'inia karibu na taa, hivyo taa ilijizima mapema kila mara. Skrini ilisema nyuzi 32. Pale chini alipolala nyoka palikuwa 26. Nyoka hana moto wake wa ndani wa kupikia chakula; asipopata joto, panya anamwozea tumboni. Na kila anapotapika hupoteza maji, asidi na vimeng'enya, na koo lake linaungua. Anahitaji wiki mbili kamili bila chakula, maji safi muda wote, bila kuguswa, halafu mlo mdogo wa nusu ya ule wa kawaida. Yeye alikuwa amempa siku mbili.

Tulimpeleka kwa daktari wa reptilia. Alijaribu kumrudishia maji mwilini, lakini nyoka alikuwa amekwisha. Yule kijana alinionyesha daftari lake la milo, tarehe zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, zimebanana. Akaniambia, "Dada, nilimlisha kwa huruma." Namwamini, na ndiyo maana nakasirika ninapoona mwingine anarudia. Imperator huvumilia zaidi makosa ya mwezi wa kwanza, na hukupa muda wa kugundua kwamba kipimo chako kinakudanganya. Mtoto wa Suriname hakupi muda huo. Mfugeni baadaye, mikono ikishazoea.

3. Mlo usizidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka. Nyoka mtoto alishwe kila siku 10 hadi 14, mtu mzima kila wiki tatu hadi sita, na boa mnene ni mgonjwa mtarajiwa.

4. Wale wengine mnaowatamani. Boa wa upinde wa mvua wa Brazil anang'aa kama mafuta juu ya maji, lakini anataka unyevu wa asilimia 80 hivi bila kukosa. Awe nyoka wa pili. Boa wa kijani wa mitini ana meno marefu na hasira za karibu, mwacheni. Dumeril wa Madagaska ni mtulivu, nampenda kwa dhati, ila yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo muuzaji lazima akupe cheti cha Kifungu cha 10, yaani ruhusa ya kumuuza, chenye kumhusu nyoka huyohuyo. Hana cheti, hakuna biashara.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kurudi nyumbani na kufuga chatu au boa mdogo wa mchangani wa Kenya. Huyo wa mchangani ni boa kweli, Eryx colubrinus, na hapa wanazaliwa vizimbani kwa wingi. Kenya ni jambo lingine: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko. Msimwokote porini.

5. Karantini miezi mitatu, chumba tofauti, koleo tofauti. Boa wanaweza kubeba virusi vya IBD, ugonjwa hatari wa nyoka, miaka mingi bila dalili, na tiba haipo. Kama tayari una boa mwingine, mpime mgeni kwanza.

6. Mbele ya muuzaji, ulizeni haya: wazazi wametoka wapi, naweza kuwaona? Amekula mara ngapi mfululizo bila kutapika, na panya wa aina gani? Amejivua gamba lini? Mzalishaji makini ana kadi yenye majibu hayo yote, na hatashangaa ukimwomba umwone nyoka akila. Kizimba kiwe kimewaka wiki nzima kabla, mmepima joto pale chini kabisa nyoka atakapolala. Akifika, mpeni siku saba bila kumgusa. Mlo wa kwanza uwe mdogo, na wageni wa sebuleni wasubiri mpaka amekula mara tatu na chakula kimekaa.