Dini na elimu ya dunia katika sekondari za Kiyahudi

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mwanangu wa kidato cha pili hutoka shuleni alasiri akaenda madrasa, na naona masomo hayo mawili hayakutani popote. Nasikia Mayahudi wana sekondari zinazofundisha yote mahali pamoja. Falsafa yao ni ipi?
Mzazi, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu mzazi. Shule hizo hazifanani, na baadhi huipa elimu ya dunia nafasi finyu mno. Nitazieleza zile za Kiorthodoksi, yaani za Mayahudi wanaoshika kikamilifu sheria za dini yao, zinazofungamanisha elimu zote mbili. Mtetezi wao mkubwa wa karne ya 19 alikuwa Rabi Samson Raphael Hirsch, aliyeanzisha shule mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1853, akishikilia kauli ya kale ya Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya wanazuoni wa Kiyahudi, kwamba ni vyema kusoma Torati pamoja na shughuli za dunia. Kwake, sayansi na fasihi hazikuwa za kutafutia ajira tu, bali zilimsaidia mwanafunzi kuufahamu ulimwengu alioumba Mungu. Huko Marekani, Rabi Joseph B. Soloveitchik alianzisha shule ya Maimonides mjini Boston mwaka 1937, na wasichana wakafundishwa Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya sheria za Kiyahudi, kama wavulana, jambo lililokuwa nadra sana wakati huo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ratiba ya pamoja si kiini cha falsafa hiyo. Kiini ni namna ya kusoma. Wanafunzi huketi wawili wawili, mtindo uitwao havruta, wakaisoma Talmudi kwa sauti, mmoja akifafanua na mwenziwe akimhoji. Katika ukurasa uliochapwa, matini hukaa katikati, kando moja ufafanuzi wa Rashi, mfasiri mashuhuri wa Talmudi aliyefariki mwaka 1105, na kando ya pili wanazuoni waliomfuata, ambao mara nyingi humpinga (waliodurusu vitabu vya fikihi vyenye hashia, yaani maelezo ya pambizoni, hawatashangaa). Rai iliyoshindwa haifutwi: hoja za wafuasi wa Shamai zimehifadhiwa sambamba na za wafuasi wa Hileli, wanazuoni wawili wa kale waliopingana, ingawa kwa kawaida sheria huwafuata hawa wa pili. Kijana aliyezoea kuitetea hoja asiyoikubali huingia na zoea hilo katika somo la historia au fizikia.

Gharama yake ni siku ndefu ya masomo, na karo kubwa.

Kwa mwanao, pa kuanzia ni mirathi. Mafungu ya warithi anayofundisha ustadhi, kama nusu, robo na thumni, ni hesabu ile ile ya sehemu anayofundisha mwalimu wa hisabati. Waombe walimu hao wawili wakutane, wapange kuifundisha katika muhula mmoja.