Kuitunza Yamaha FJR1300: shafti, oili, waya na mizigo

Wengi wanaichagua pikipiki ya FJR1300 kwa sababu ya shafti, fimbo inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo. Hakuna mnyororo wa kupulizia mafuta kila jioni, hakuna sproketi za kubadilisha, na injini yake ya silinda nne, cc 1,298, inavumilia safari ndefu tangu modeli ya kwanza ya 2001. Tatizo ni kwamba mtu akisikia "haina mnyororo" anaelewa "nyuma hakuna kazi". Kazi ipo. Ni ndogo, lakini ikirukwa inakuja kulipwa kwa bei ya difu nzima, yaani kasha la gia lililo kwenye gurudumu la nyuma.

Tuanze na oili ya difu. Inaingia mililita 200 tu, oili ya gia SAE 80 ya daraja la GL-4 au 80W-90 ya gia za haipoidi. Kiasi hicho hakijazi hata glasi ya chai, ndiyo maana kivujo kidogo cha sili kinatosha kuiacha difu kavu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali palipo sawa, baada ya kuendesha kidogo ili oili iwe na joto. Fungua kwanza boliti ya juu ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Ukianza na ya chini halafu ya juu ikagoma, umeshamwaga oili na huna pa kuingizia nyingine. Pokea inayotoka kwenye chombo cheupe. Nyeusi kidogo si neno. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ukiisugua kati ya vidole ukahisi chenga za chuma, beringi au meno yanakwisha. Weka washa (ringi ya boliti) mpya, kaza boliti ya chini kwa Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 23, jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu, basi. Kwa barabara zetu tunashauri kila kilomita 20,000, na mapema zaidi kama umevuka maji.

Linalosahaulika zaidi ni yale meno yanayounganisha gurudumu la nyuma na difu. Huwezi kuyaona mpaka gurudumu litoke, na gurudumu hutoka siku ya kubadilisha tairi. Siku hiyo ndiyo nafasi yako, usiipoteze. Inaumiza kuona pikipiki nzuri yenye meno yaliyoliwa kwa sababu gurudumu lilitolewa mara tatu kwa fundi wa tairi na mara zote tatu likarudishwa kavu.

Yasafishe meno ya pande zote mbili kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kisha futa kwa kitambaa mpaka chuma king'ae. Sasa yatazame karibu, kwenye mwanga. Jino zima lina kilele bapa. Lililokwisha lina kilele chembamba kama meno ya msumeno, na hilo halina dawa ila kubadilisha kipuri. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, maana yake grisi ilikauka siku nyingi na chuma kimekuwa kikisagana na chuma. Paka grisi ya molibdeni, ile nyeusi nzito inayoacha alama isiyotoka mkononi. Grisi ya kawaida ya beringi haihimili mzigo wa aina hii: inabanwa nje ya meno na baada ya miezi michache panabaki pakavu. Paka tabaka jembamba linalofunika kila jino. Ukijaza, itarushwa mpaka kwenye rimu. Nati ya ekseli kaza kwa Nm 125 kwa spana ya toki, usikisie kwa kupanda juu ya spana. Kabla hujaondoka, kanyaga breki ya nyuma mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni za kalipa zilisukumwa nyuma ulipotoa gurudumu. Mtu akisahau hilo, breki yake ya kwanza barabarani inakanyaga hewa.

Injini inachukua lita 3.8 ukibadilisha oili peke yake, lita 4 ukibadilisha na filta. Boliti ya kumwagia ni Nm 43. Tafuta oili iliyoandikwa JASO MA au MA2 kwenye kopo, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili nyingi za magari ya siku hizi zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze: unaongeza mafuta, injini inalia juu, mwendo hauongezeki. Pima kwenye kidirisha cha oili pikipiki ikiwa imesimama wima, injini imezimwa dakika chache. Usijaze kupita alama ya juu. Oili iliyozidi hupandishwa na pumzi ya injini mpaka kwenye kasha la filta ya hewa.

Valvu zinakaguliwa kila kilomita 42,000, injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi kati ya valvu na kamu inayoisukuma ni milimita 0.15 hadi 0.22 upande wa kuingiza na 0.18 hadi 0.25 upande wa ekzosi. Usingoje kusikia kelele. Valvu inayopiga kelele ina nafasi kubwa na bado inafunga; inayobana iko kimya, haifungi sawasawa, na inaungua.

Maji ya breki ni DOT 4, na klachi nayo inatumia hayo hayo. Miaka miwili ndiyo mwisho wake, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar mwaka mmoja na nusu ni salama zaidi, maana maji haya yanavuta unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzijoto 230 au zaidi. Iliyoshiba unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Ukiteremka mlima Kitonga na abiria na masanduku yamejaa, tofauti hiyo unaiona kwenye mkono wa breki unaozama hadi kugusa mpini.

Tairi ya mbele ni 120/70-17, ya nyuma 180/55-17. Upepo ni psi 39 mbele na 42 nyuma, ukipima asubuhi kabla ya kutembea. Kuwa na kipimo chako mwenyewe, vile vya vituo vya mafuta vinatofautiana mno. Saizi hizi haziuzwi haraka kwetu, hivyo tairi inaweza kuwa imekaa dukani miaka mingi na bado inang'aa. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka mitano, iache hata kwa nusu bei. Mpira wake umekakamaa, na kwenye lami yenye maji haushiki.

Sasa vifaa vya kuongeza. Hapa ndipo pikipiki nyingi nzima huharibiwa, na karibu kila mara ni kwa waya.

Jenereta ya modeli za 2006 na kuendelea inatoa wati 590, za awali wati 490, na hiyo ni kwenye mzunguko wa juu, si ukiwa foleni. Taa kubwa za balbu peke yake zinakula wati 110. Ondoa pampu ya mafuta, kompyuta, plagi na feni za rejeta, kinachobaki si kingi. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja na chaja ya simu hazina shida. Zinavuta kama ampea 3 na kidogo zaidi, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Kinachotakiwa ni umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, upite fyuzi isiyo mbali na betri zaidi ya shubiri moja, uingie kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme), na relei iwashwe na waya wa taa ndogo. Ukizima swichi, kila kitu kinazima, betri haifi usiku. Usikubali fundi achune waya wa taa kubwa akauviringisha hapo na selotepu. Kwenye modeli za 2006 hadi 2009 viunganishi vya ethi (waya hasi) ndani ya waya mkuu vinajulikana kwa kuungua. Ethi ya vifaa vyako irudishe kwenye betri yenyewe, usiviongezee viunganishi hivyo mzigo.

Viungo vibane kwa koleo la terminali. Kulehemu kwa risasi kunaufanya waya ukakamae, na mtikisiko unaukata pembeni mwa pale palipokakamaa. Ukimaliza, washa kila kitu, shika mzunguko 3,000 na upime betri kwa mita. Ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5 uko sawa. Chini ya 13, punguza vifaa.

Vinyanyua mpini ni vizuri kwa mgongo. Baada ya kuvifunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uone kama paipu za breki na klachi zinavutwa. Wavu wa rejeta nunua bila kufikiri mara mbili, kokoto za malori hazina huruma.

Uwezo wa kubeba ni kama kilo 200 kwa jumla, dereva na abiria wakiwemo. Watu wawili wa kilo 75 wanabakiza 50, na masanduku matupu yenyewe yanakula sehemu yake. Vizito, kama spana na maji, viweke chini kwenye masanduku ya pembeni, uzito sawa pande zote. Sanduku la juu liko nyuma ya ekseli, kila kilo humo inalinyanyua gurudumu la mbele na usukani unaanza kuyumba ukifika kasi. Humo weka koti la mvua na glavu. Ukibeba abiria, peleka mkono wa springi ya nyuma kwenye H, yaani ngumu. Boliti za raki zipake gundi ya buluu ya kuzuia kulegea, na kama umezifunga Dar jana, zikague tena ukifika Chalinze.