Naimba kwaya lakini moyo hausikii kitu: je, mimi ni mnafiki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimeokoka tangu nikiwa msichana, na ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Huu ni mwezi wa nane sasa nikiomba naona kama nazungumza na ukuta. Wenzangu wakiimba machozi yanawatoka, mimi natazama saa. Juzi kiongozi wetu alisema anayeimba bila upako anamtukana Mungu, nikaona ananisema mimi. Nijitoe kwaya? Na je, nishiriki Meza ya Bwana nikiwa katika hali hii?

JIBU: Amina, dada yangu, asifiwe milele. Usijitoe kwaya. Nalitanguliza hili ili usisome haya yote roho ikiwa juu.

Nianze na neno unafiki, maana ndilo linalokula moyo wako. Bwana Yesu alilitumia mara nyingi, na neno la Kigiriki lililoandikwa pale lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani, mtu aliyevaa kinyago akacheza nafasi isiyo yake. Katika Mathayo sura ya 6 anawaeleza wanafiki kuwa ni watu wanaopenda kusali wamesimama katika masinagogi na pembe za njia, “ili waonekane na watu”. Kosa lao liko hapo kwenye kuonekana. Hakusema wanasali bila msisimko. Huenda walisisimka sana. Mnafiki hutazama watu wanamwonaje. Wewe unatazama moyo wako, unauona mkavu, unalia. Anayeigiza hasumbuki hivyo.

Kiongozi wako naamini alikusudia mema. Alitaka msiimbe kwa mazoea. Lakini tumezoea kupima ibada kwa machozi na kwa jinsi ngozi inavyosisimka, na kipimo hicho hakimo katika Maandiko. Sifa ni sadaka. Waebrania 13:15 inaiita “dhabihu ya sifa”, na dhabihu ni kitu unachotoa. Kuna Jumapili unatoa ukiwa umejaa, na kuna Jumapili unatoa ukiwa huna kitu, kama yule mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina. Bwana alimwona, akasema ametia zaidi ya wote.

Sasa fungua Biblia yako kwenye Zaburi ya 42, na kabla ya kusoma mstari wa kwanza tazama maneno madogo ya juu. Utaona imetajwa kuwa ya wana wa Kora, na imekabidhiwa kwa mwimbishaji. Wana wa Kora walikuwa ukoo wa waimbaji. Katika 2 Nyakati 20 utawakuta wamesimama kumsifu Mungu kwa sauti kuu. (Babu yao Kora aliangamia kwa uasi jangwani, lakini Hesabu 26:11 inasema wanawe hawakufa. Huwa napenda sana kukumbuka kwamba wazao wa mwasi ndio waliopewa kuimba.) Watu hawa wa kwaya ndio wanaosema nafsi yao ina kiu kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji. Kisha mwimbaji anakumbuka jinsi alivyokuwa akienda na mkutano na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu kwa sauti ya furaha. Zamani alikuwa wa mbele. Sasa machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku.

Zaburi ya 88 nayo ni ya ukoo huohuo, na ni nzito kuliko zote ninazozijua. Zaburi nyingi za kulia hugeuka mwishoni zikashukuru. Hii haigeuki. Inaishia gizani. Nayo pia ina maneno yale yale juu yake: kwa mwimbishaji. Maana yake ilikabidhiwa kwaya, ikajifunzwa, ikaimbwa mbele za Mungu na watu wake. Mtu aliyeiandika hakuambiwa akae nyumbani mpaka apate furaha ndipo arudi. Ukavu wake ulipewa sauti na nafasi katika ibada. Dada yangu, umekaa katika kiti ambacho waimbaji wa Mungu wamekikalia kabla yako.

Na si wao tu. Mama Teresa wa Kalkuta si wa dhehebu langu, lakini nimejifunza kwake. Alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 wengi walishtuka kusoma kwamba kwa miaka mingi aliomba bila kuonja uwepo wa Mungu. Miaka hiyo yote aliendelea kuwahudumia maskini na watu waliokuwa kufani.

Mimi pia yamenipata. Wiki moja baada ya kumzika mama yangu nilisimama kuongoza ibada. Nikaanza Zaburi ya 23, ambayo naijua tangu shule ya Jumapili, nikafika kwenye bonde la uvuli wa mauti, sauti ikakatika. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya mstari. Nakiona hata sasa, kinatetemeka, na herufi zimechanganyika. Kanisa likawa kimya. Kisha mzee mmoja wa viti vya nyuma akaendelea bila hata kufungua kitabu: “sitaogopa mabaya.” Mwanamke wa pembeni akadakia, “kwa maana Wewe upo pamoja nami.” Mpaka tunafika kwenye meza na kikombe kinachofurika, kanisa zima lilikuwa linasoma, mimi nimenyamaza. Siku ile sikuwa na imani ya kujibeba. Nilibebwa na ya wenzangu. Tangu hapo Waebrania 10:25, pale panaposema tusiache kukusanyika pamoja, sipasomi tena kama karipio kwa watoro. Tunakusanyika kwa sababu kila Jumapili kuna mmoja ambaye sauti imemkatika. Na fikiria, katika miezi hii minane ni wangapi wamekaa mbele yako wakiwa hawana neno, ukawaimbia.

Pamoja na hayo, jichunguze kwa upole. Kama kuna dhambi unayoijua na umeifunika, iungame. Zaburi ya 32 inasema wazi kunyamaza kunavyochakaza mifupa. Kama hakuna, usiitafute kwa tochi. Wapo waumini wanaochimba mpaka wanajitungia makosa.

Tazama pia mwili wako. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu. Je, unalala? Una mzigo wa nyumba au wa mgonjwa ambao hakuna anayekusaidia? Na kama huzuni hii haikutoki hata nje ya kanisa, chakula hakipandi, mambo uliyoyapenda huyataki, nenda kamwone daktari, na umwambie ukweli wote. Kwenda hospitali si kupungukiwa imani.

Kuhusu maombi, yapunguze maneno. Baba wa yule kijana katika Marko 9 alisema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa siku ileile. Sema hilo asubuhi na usiku, inatosha kwa sasa. Tena mtafute mtu mmoja unayemwamini, si lazima awe kiongozi, umwambie ulivyoniambia mimi.

Umeuliza kuhusu Meza ya Bwana. Paulo aliwaonya Wakorintho wasile isivyostahili, na onyo hilo limewatisha wengi wenye dhamiri nyepesi. Lakini soma 1 Wakorintho sura ya 11 tangu mstari wa 20 uone kilichomkasirisha: wengine walikuwa wakila na kulewa, na ndugu zao maskini wanakaa na njaa mbele ya meza hiyohiyo. Hakuwa akimzungumzia mtu anayekuja amevunjika. Na akisha kuonya anasema mtu “ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe.” Umekwisha kujihoji, dada yangu, miezi minane. Nenda ukale.